Rilei inalia trrrr muda ukiisha na resista ya histeresisi ipo: angalia mguu namba 1

Swali nililoletewa: "Shikamoo fundi. Nimetengeneza taima ya feni ya kutolea moshi jikoni, ukibonyeza kitufe iwake kama dakika 5 alafu izime yenyewe. Nimetumia LM393. Resista 1M na kapasita 470uF ndo zinahesabu muda, mguu wa 2 unasoma kapasita, mguu wa 3 nimeupa nusu ya volti kwa resista mbili za 10k. Mguu wa 1 una resista ya 4.7k kwenda 12V na umeingia moja kwa moja kwenye besi ya BC547, hiyo ndo inavuta rilei ya 12V, dayodi nimeweka. Umeme natoa kwenye transfoma ya redio mbovu, brij, na kapasita ya 1000uF. Muda ukiisha rilei haizimi, inalia trrrrr sekunde 10 mpaka 15 ndo inanyamaza, kontakti zimeanza kuungua. Nikaambiwa niweke histeresisi, nikaweka resista ya 1M kutoka mguu wa 1 kwenda wa 3, haijabadilika kitu. Nakosea wapi?"

Marahaba kijana wangu. Kwanza ahsante kwa kuandika namba zote, maana mara nyingi naletewa "fundi taima inasumbua" halafu basi, sasa hapo nipige ramli? Wewe umenipa kila kitu na jibu limo humo humo kwenye maneno yako, tena limo kwenye vitu viwili, zile sekunde 10 mpaka 15 na yale maneno "moja kwa moja kwenye besi", yaani mguu unaoiamrisha transista yako ya BC547.

Tuanze na sekunde. Resista 1M mara 470uF inakupa sekunde 470. Kapasita inajaa kuelekea 12V, na ikifika nusu yaani 6V inakuwa imetumia sekunde 470 mara 0.693, kama sekunde 326, dakika 5 na nusu hivi. Sawa kabisa na ulichotaka. Ila sasa jiulize ikifika pale 6V inapita kwa mwendo gani? Pale kwenye 1M zimebaki volti 6, kwahiyo mkondo unaoingia kwenye kapasita ni maikroampia 6 tu, na kwa kapasita kubwa namna hiyo volti inapanda kama milivolti 12.8 kwa sekunde. Ni mwendo wa kobe. Komparata yenyewe, yaani hiyo LM393 inayolinganisha volti mbili, haijui ustaarabu, inachojua ni huyu kamzidi yule au hajamzidi, hata kwa chini ya milivolti moja inabadilisha jibu, na inabadilisha ndani ya maikrosekunde moja hivi. Kwahiyo kitu chochote kinachotikisa mguu wa 3 wakati kapasita inajikokota kuupita, kitakufanyia washa zima washa zima mpaka kapasita ipite eneo lote la mtikisiko.

Sasa chukua sekunde zako uzidishe. 12.8 mara 10 ni milivolti 128. Mara 15 ni 192. Yaani bila hata osiloskopu tunajua mguu wako wa 3 unatikisika kati ya 0.13V na 0.19V, tukikadiria. Hiyo inatoka wapi? Transfoma ya redio. Umeme wa 50Hz ukipita brij unakuwa mawimbi 100 kwa sekunde, rilei yako inakula kama milliampia 30, na vingine vichache, na kapasita ya 1000uF ikibeba mzigo huo kwa milisekunde 8 hivi kati ya wimbi na wimbi inashuka karibu 0.3V. Resista zako mbili za 10k zinagawa nusu, kwahiyo mguu wa 3 unacheza 0.15V. Umeona inavyoingia pale pale katikati? Na kapasita ya muda yenyewe haichezi hata kidogo, sekunde 470 kwake wimbi la milisekunde 10 ni kama kumwaga kikombe baharini, kwahiyo huyu katulia na mwenzie anarukaruka, lazima wagongane mara nyingi.

Na kuna kingine kibaya zaidi kinachokaa juu ya hicho, hiki ndo wengi hawakioni. Rilei ikiachia, mzigo unapungua, volti ya transfoma inapanda kidogo. Ikipanda, mguu wa 3 nao unapanda kwa sababu umetoka kwenye volti hiyo hiyo. Ukipanda unaizidi kapasita tena, komparata inasema "kumbe bado", rilei inakamata. Ikikamata volti inashuka, mguu wa 3 unashuka, rilei inaachia. Ni sakiti inayojigombanisha yenyewe, na hata ungekuwa na umeme safi wa kwenye betri iliyochoka ungeona kitu hicho hicho. Rilei ndogo kama hiyo inahitaji kama milisekunde 10 kukamata na nusu yake hivi kuachia, kwahiyo inajitahidi kufuata, haiwezi vizuri, ndo hiyo trrrrr.

Aliyekwambia weka histeresisi hakukudanganya. Ni dawa yenyewe. Fikiria tenki la maji juu ya nyumba lenye boya la kuwasha pampu. Kama boya lingewasha na kuzima pampu kwenye alama moja, kila mtu akifungua bomba kunawa mikono pampu inaruka. Ndo maana boya linawekwa na kamba ndefu, pampu inawaka maji yakishuka chini huko, inazima yakifika juu, katikati hapo maji yacheze yanavyotaka. Kwenye komparata ni hivyo hivyo, tunataka mistari miwili, na mara tu jibu likibadilika mstari wenyewe uhame, uende mbali na kapasita, ili mtikisiko usiweze kuurudisha nyuma. (Sakiti ya namna hii inaitwa Schmitt kwa jina la Mmarekani Otto Schmitt, aliibuni 1934 akiwa bado mwanafunzi, alikuwa anachunguza neva za ngisi. Ngisi huyu huyu wa kukaanga.)

Na pahali pa kuweka resista umepatia. Kutoka mguu wa 1 kwenda mguu wa 3, upande wa chanya, upande wa resista za 10k. Nalisema kwa sababu kuna wanaoipeleka mguu wa 2, hapo unakuwa umeongeza ugomvi badala ya kuupunguza, na juu ya hapo unaijaza au unaikausha kapasita ya muda kwa njia ya panya.

Sasa kwa nini haikufanya kitu? Chukua mita, weka kwenye DC, washa feni, pima mguu wa 1 na graundi wakati rilei imekamata. Wewe unategemea uone 12V au karibu yake. Utaona 0.7V. Basi. Maana LM393 haisukumi volti juu, ndani yake mguu wa 1 ni transista tu ya kuvuta kwenda graundi, ikiachia inaachia hewani, anayepandisha ni ile 4.7k yako. Na 4.7k inapandisha mpaka inakutana na besi ya BC547, na besi na emita ni dayodi, haikubali kupita 0.7V. Kwahiyo mguu wako wa 1 kwenye maisha yake yote unatembea kutoka 0.15V mpaka 0.7V, nusu volti. Rilei inafanya kazi vizuri kwa sababu transista inataka mkondo na 4.7k inampa milliampia 2.4, anashiba. Ila resista ya histeresisi inakula volti za mguu wa 1, na volti hazipo.

Piga hesabu: 10k mbili kwa pamoja mguu wa 3 unaziona kama 5k. Histeresisi ni mruko wa mguu wa 1 mara 5k gawa kwa 5k jumlisha 1M. 0.55V mara 5 gawa 1005, unapata milivolti 2.7. Mtikisiko wako ni milivolti 150. Hiyo ni kumzuia mbuzi kwa uzi wa kushonea. Hata ungekuwa na mruko mzima wa volti 10, kwa 1M ungepata milivolti 50 tu, bado haitoshi, kwahiyo una makosa mawili yamepandana na kurekebisha moja peke yake usingeona nafuu, ungerudi kuniambia histeresisi ni uongo wa vitabuni. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilishinda siku nzima na taima ya taa ya ngazi, nabadilisha resista 1M, 2.2M, 470k, nabadilisha mpaka IC nikidhani feki, kumbe ni besi imeshika mguu wa 1 shingoni.

Dawa yenyewe sasa. Toa 4.7k. Weka 2.2k kutoka mguu wa 1 kwenda 12V, halafu kati ya mguu wa 1 na besi ya BC547 weka 10k. Hiyo 10k ndo inamwachia mguu wa 1 nafasi ya kupanda. Mkondo unaopita 2.2k na 10k kwenda besi ni 11.3V gawa 12.2k, kama 0.93 mA, na mguu wa 1 unakaa karibu 9.9V. Utauliza 0.93 mA zinatosha kwa rilei ya 30 mA? Zinatosha, BC547 hata ya gain ndogo (yaani inakuza mkondo wa besi mara ngapi) ni zaidi ya 100 na hapa unamdai 32 tu. Ikiwa rilei yako ni ile kubwa ya koili inayokula 80 mA mambo yanabadilika, hapo tafuta transista nene kidogo na ushushe 10k iwe 4.7k. Usishushe sana 2.2k, kwa sababu LM393 inapovuta chini inabeba mkondo wote wa hiyo resista, kwa 2.2k ni kama 5.5 mA na dhamana ya mtengenezaji ni angalau 6 mA, tupo ukingoni lakini ndani. Nyingi zinabeba zaidi ya hapo ila mimi sipendi kuishi kwa bahati.

Halafu toa 1M ya histeresisi weka 47k. Rilei ikiwa imekamata, mguu wa 3 utakuwa 6V mara 47, jumlisha 9.9 mara 5, gawa 52, yaani 6.37V. Rilei ikiachia mguu wa 1 unaanguka kwenye 0.3V na mguu wa 3 unahamia 5.45V. Mstari umehama 0.92V kwa mpigo mmoja, dhidi ya mtikisiko wa 0.15V na ile volti ya transfoma inayopanda rilei ikiachia, ambayo nayo tuseme ikupe 0.15V nyingine. Una akiba ya mara tatu. Kapasita ikigusa 6.37V rilei inaachia tap! na hairudi, kwa sababu ili irudi kapasita ingetakiwa ionekane iko chini ya 5.45 na yenyewe ndo kwanza inapanda.

Usiogope kwamba 0.92V ni kubwa. Kwenye sakiti ya joto, tuseme ya mashine ya kutotolea vifaranga, histeresisi kubwa inakuumiza kwa sababu joto linapanda na kushuka sana kabla hita haijajibu, hapo unapima kwa kijiko. Ila taima ya kitufe haina safari ya kurudi, wewe mwenyewe ndo unairudisha mpaka sifuri kwa kubonyeza, kwahiyo mstari wa chini ukiwa 5.4 au 3 kwako ni mamoja. Kinachobadilika ni muda tu: mstari wa juu umetoka 6V kwenda 6.37V, kwahiyo badala ya sekunde 326 utapata kama 356, nusu dakika zaidi. Ukitaka kurudi pale pale weka 910k badala ya 1M. Lakini kusema kweli kapasita za elektrolitiki zenyewe zinaruhusiwa kukosea asilimia 20 juu au chini, kwahiyo hizi sekunde 30 usizilie sana, weka volyumu ya 500k mfululizo na resista ya 680k uzungushe huku unaangalia saa.

Jambo moja nakuwahi maana najua mkono utakuwasha. Utasema "ngoja niweke na kapasita ya 10uF pale mguu wa 3 niue mawimbi kabisa". Usiweke. Mawimbi yatapungua kweli, lakini ile kapasita inaichelewesha na histeresisi yenyewe, 5k na 10uF ni milisekunde 50, mstari badala ya kuruka unahama polepole na katikati ya kuhama mambo yanaweza kuanza upya. Ukitaka kusafisha safisha huko juu: weka resista ya 100 om kutoka 12V, halafu kapasita ya 220uF kwenda graundi, na kutoka hapo ndo ulishe mguu wa 8, resista za 10k na ile 1M. Mawimbi ya 0.3V yanashuka mpaka kama 0.02V. Ila 2.2k ya mguu wa 1 na rilei ziache kwenye 12V ya mwanzo, LM393 haina shida na hilo. Na 0.1uF ndogo ya seramiki karibu na mguu wa 8 na wa 4, hiyo weka tu bila kuuliza. Miguu ya 5 na 6, ya komparata ya pili iliyomo ndani ya LM393 usiyoitumia, ipeleke graundi isielee.

Ukimaliza usianze kwa kusubiri dakika 6. Pima mguu wa 3 rilei ikiwa imekamata, uone 6.3 au 6.4. Halafu chukua waya uguse chanya ya kapasita na 12V kupitia resista ya 1k, rilei iachie, pima tena mguu wa 3, uone kama 5.4. Ukiziona hizo mbili umemaliza, hata trrrr usiisikilizie. Ukiona 6.0 pande zote mbili, mguu wa 1 bado umeshikwa, rudi kwenye 10k ya besi.

Na mita yako usiiache kwenye kapasita ya muda huku ukisubiri izime. Nyingi ya zile mita za bei poa ukiweka kwenye volti zinajionyesha kama resista ya 1M kwenda graundi, sasa 1M juu na 1M chini kapasita haitavuka 6V mpaka kiama, mstari uko 6.37, utadhani umeharibu taima kumbe mita ndo imeikalia. Ugonjwa huo huo unaletwa na kapasita kuukuu inayovuja: pale mwishoni inajazwa kwa maikroampia 6 tu, ikivuja hizo 6 yenyewe feni haitazima kamwe. Nunua mpya ya 25V, usiitoe kwenye redio hiyo hiyo. Na ukija kutaka nusu saa au saa nzima usiongeze kapasita, hamia kwenye IC ya kuhesabu inayoitwa 4060, inahesabu yenyewe kwa kugawanya mapigo mara 16,384 na kapasita inabaki ndogo ya plastiki isiyovuja.

Kitufe nacho kipe resista ya 100 om mfululizo, maana kubonyeza kapasita ya 470uF kavu kavu kila siku kunakula kontakti zake kwa cheche.

Feni ni mota, kwahiyo hata rilei ikiachia safi bado itatoa cheche. Resista ya 100 om ya nusu wati na kapasita ya 0.1uF ya aina ya X2 (ya kuwekwa kwenye umeme wa meni), iliyoandikwa 275V AC, zifuatane, ziwekwe sambamba na feni. Wengine wanaziweka sambamba na kontakti, inafanya kazi pia, ila pale zinapitisha kama 7 mA hata rilei ikiwa imezima, ukija kuhamishia taima kwenye taa ya LED utaikuta inawaka kidogo kidogo usiku na watoto watasema nyumba ina jini. Zima meni na uchomoe kabisa kabla ya kugusa upande huo, 230V haina mazoea.

Rilei yenyewe ibadilishe. Kontakti zilizokwisha kuungua kwa sekunde 15 kila mara ukizisugua na msasa zinang'aa wiki moja, halafu zinagandana feni ikiwa inazunguka.